Taya ya mtoto, mbu na mashimo yetu

Mwenzetu moja wa shimo, upande wa Misisi, alitoka kazini siku moja akakuta taya ya mtoto wake imevimba. Mtoto alikuwa na miaka sita. Nyumbani walisema ni jino, na sisi pia tulisema ni jino, sababu mtoto wa miaka sita anabadilisha meno. Jino liling'olewa. Wiki iliyofuata meno mawili mengine yalikuwa yanacheza yenyewe, na uvimbe ulikuwa umefika chini ya jicho. Wengine wakasema amerogwa. Wakati sendika yetu ilimaliza kukusanya makuta ya safari, mtoto alikuwa hawezi tena kumeza hata uji. Alifia njiani. Muganga aliyemwona siku za mwisho alituambia: "Hii inafanana kabisa na limfoma ya Burkitt. Mungemuleta mbele, dawa iko."

Neno hilo la mwisho lilituuma sana. Sisi si waganga, tumefika sekondari tu. Lakini mtu wa sendika amezoea kuuliza, kila ajali ikitokea: imetoka wapi, na ni nani angeweza kuizuia? Tulianza kuuliza hivyo hivyo juu ya ugonjwa huu. Tuliuliza waganga, tulisoma, tuliuliza tena. Yale tuliyopata tunayaweka hapa kwa ajili ya wazazi wa Baraka, Fizi na Minembwe, sababu yanatugusa kuliko tulivyofikiri.

Kansere yenye ramani

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji jina lake Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumwangalia mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote mbili. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Muda mfupi kisha, kule Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uso namna ile ile, na tumbo lake pia lilikuwa na uvimbe. Alipoanza kupekua vitabu vya hospitali akaona watoto wengi wa aina hiyo, wengi wao wa kati ya miaka minne na tisa, wavulana kuliko wasichana. Aliandika habari yao mwaka 1958.

Kisha akafanya jambo ambalo waganga wengi hawafanyi: alienda kuuliza njiani. Mwishoni mwa mwaka 1961 alipanda gari la zamani pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakasafiri karibu kilomita 16000 kutoka Uganda mpaka Afrika ya Kusini. Kila hospitali walipofika walionyesha picha za watoto, wakauliza: "Hii munaiona hapa kwenu?" Penye walijibu ndiyo, waliweka alama kwenye ramani. Penye walijibu hapana, waliweka vilevile.

Ramani ilisema jambo la ajabu. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa wa mabonde, kandokando ya maziwa na mito. Ukipanda kupita mita 1500 hivi, unapotea. Ukienda mbali na ikweta, ule mpaka unashuka. Mwanasayansi wa Entebbe, Alexander Haddow, aliona kwamba kinachozuia ugonjwa si mlima wenyewe, ni baridi: penye joto linashuka chini ya digrii 16 hivi, ugonjwa hauko. Tena lazima mvua ya kutosha. Na mdudu anayetaka joto na mvua kila mtu anamjua.

Mtu wa Fizi hahitaji mwalimu wa jiografia kwa kuelewa hapo. Baraka iko kando ya Ziwa Tanganyika, na uso wa ziwa uko mita 773 hivi juu ya bahari. Minembwe iko kule juu ya milima, kupita mita 2000. Mtu anayeshuka kutoka Minembwe na ng'ombe wake, ao anayekimbia vita na godoro kichwani, anauvuka mpaka ule wa Burkitt kwa miguu.

Virusi peke yake haitoshi

Kwanza watu walifikiri mbu anabeba virusi ya kansere. Mwaka 1961 Burkitt alieleza habari zake London, na ndani ya chumba alikuwa Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Epstein aliomba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Uganda. Miaka karibu mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilishindwa kutua London juu ya ukungu, ikatua Manchester. Kipande kilifika kimechelewa, maji yake yamechafuka. Wangeweza kuyatupa. Wakayaangalia: seli za uvimbe zilikuwa zinaogelea humo, hai. Kutokana na seli zile waliweza kukuza nyingine, na mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani yake virusi mpya. Leo inaitwa virusi ya Epstein-Barr.

Watu wakafikiri kazi imeisha. Kumbe haijaisha. Virusi hiyo inapita kwa mate, haina haja ya mbu. Zaidi ya watu wazima 90 kwa 100 duniani wako nayo, Paris kama Minembwe, na wengi hawaisikii maisha yao yote. Afrika, watoto wengi wanaipata mbele ya miaka mitatu. Kama virusi ingetosha, kila nyumba duniani ingelia. Lazima kuna kitu kingine kinachofanya virusi ile ile iwe kimya kwa mtoto huyu na iwe kifo kwa yule.

Jiwe haliangukii mtu bila sababu

Sisi wa shimo tunajua jambo moja. Shimo likianguka, watu wa juu wanasema: jiwe limemuua. Lakini aliyekuwa ndani anajua kwamba jiwe halikuanza. Ukuta ulikuwa umelowa. Mbao za kushikilia zilikuwa zimeoza. Motopompa ilizimika usiku. Mlinzi alikuwa amelala. Jiwe ni la mwisho tu.

Miaka mingi waganga waliangalia kansere namna ile ya watu wa juu: waliangalia seli mbaya peke yake. Leo wanaangalia pia ukuta, mbao na mlinzi, maana yake mazingira yale seli mbaya inaishi ndani yake: mishipa inayoileta damu, nyuzi zinazoishikilia, askari wa mwili wanaoizunguka, na moto wa magonjwa mengine yaliyo jirani. Seli mbaya inaongea na jirani zake. Inawapumbaza wengine, wengine inawatumikisha. Jirani wakiwa wakali, inakufa. Jirani wakiwa wamechoka ao wamegeuka, inazaa.

Kwa limfoma ya Burkitt, anayeharibu mazingira hayo ni malaria, ile tunaita palu, na sana sana palu ya falsiparumu inayorudi tena na tena mtoto angali mdogo. Inafanya kazi tatu.

Ya kwanza: inachochea. Ndani ya tezi za mtoto kuna askari wanaoitwa limfositi B, kazi yao ni kutengeneza silaha za damu. Palu ikiingia, askari hao wanaamka wote na kuzaana kwa haraka sana. Wakati wanatengeneza silaha, wanakata na kuunga upya jeni zao wenyewe. Ni kazi ya hatari, kama kulipua mwamba: ukilipua mara moja kwa mwaka, pengine hakuna ajali, lakini ukilipua kila siku, iko siku itatokea. Ajali yenyewe inajulikana. Mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 kinahamia kwa kromosomu ya 14, na jeni inayoitwa MYC, ile inayoamuru seli kuzaa, inabaki imewashwa bila mtu wa kuizima. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba panya wanaougua malaria muda mrefu wanapata ajali nyingi zaidi za namna hiyo ndani ya limfositi zao.

Ya pili: inaiamsha virusi. Mtoto wa palu za kila mara anabeba virusi ya Epstein-Barr nyingi zaidi ndani ya damu. Na hapo ndipo virusi inapata kazi. Kwa kawaida seli ambayo MYC yake imewaka vibaya inajiua yenyewe, mwili umepanga hivyo. Virusi inaisaidia isijiue.

Ya tatu: inachosha walinzi. Kuna askari wengine, limfositi T, wanaopiga doria kutafuta seli zenye virusi. Kule Kenya watafiti walilinganisha watoto wa Kisumu, kando ya Ziwa Viktoria, penye palu haina msimu, na watoto wa Nandi, kule juu penye baridi. Watoto wa Kisumu walikuwa na walinzi wachache zaidi wanaoitambua virusi hiyo. Kisumu na Nandi ni kama Baraka na Minembwe: ziwa chini, mlima juu, na kati yao ule mpaka wa joto.

Hata baada ya uvimbe kuzaliwa, jirani wanaendelea kuusaidia. Muganga akiuangalia kwa darubini, anaona kama mbingu ya usiku yenye nyota. Giza ni seli za kansere, zimebanana. Nyota ni makrofaje, wale wasafishaji wa mwili wanaokula seli zilizokufa. Wako wengi sababu uvimbe unazaa na kufa kwa haraka ya ajabu. Unaweza kuwa mara mbili kwa siku moja ao mbili. Lakini wasafishaji hawa wengi wamegeuka: badala ya kuita askari, wanafagia mizoga na kuacha nafasi safi kwa seli zingine kuzaa.

Kuna kansere ingine ya watoto na vijana, ile ya Hodgkin, inayoonyesha jambo hili wazi zaidi. Kwa seli mia za uvimbe wake, mara nyingi moja ao mbili tu ndizo za kansere. Zingine zote ni jirani walioitwa na kutumikishwa. Ndiyo maana leo utafiti mwingi wa kansere za watoto unatafuta dawa za kuwaamsha jirani hao. Dawa za kuamsha walinzi zimesaidia watu wazima wengi, lakini kwa uvimbe mwingi wa watoto zimesaidia kidogo, sababu moja ikiwa kwamba askari ni wachache ndani yake tangu mwanzo. Mtoto si mtu mzima mdogo. Mwili wake ungali unajengwa, na mazingira yake ni tofauti.

Ushahidi uko wa nguvu gani

Lazima tuseme ukweli wote. Palu ni ya kila nyumba, kansere hii ni ya watoto wachache kwa kila laki moja. Mtoto wako akipata homa leo, usikimbie ukisema ni kansere. Mpeleke apimwe palu, apate dawa.

Tena uhusiano huu haukukubaliwa kwa siku moja. Burkitt mwenyewe aliona kwamba Zanzibar na Pemba, penye mbu alikuwa amepigwa vita, ugonjwa ulikuwa haba hata kama joto na mvua vilikuwepo. Aliona pia kwamba kule Uganda watu walioshuka kutoka nchi za juu, kama Rwanda na Burundi, waliupata wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji wa bondeni, maana wao walianza kuumwa na mbu wakiwa wamechelewa. Kutoka 1977 mpaka 1982, Mara ya Kaskazini, Tanzania, watoto walipewa klorokini kwa kuzuia palu. Kansere ilipungua, lakini ilikuwa imeanza kupungua mbele ya dawa, na palu ikaizoea klorokini. Jaribio hilo peke yake halikufunga mjadala. Lakini alama zilijumlishwa, na mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa kansere, lile la Lyon, liliiweka palu ya falsiparumu, katika maeneo penye haikomi, kati ya mambo ambayo pengine yanaleta kansere kwa mtu.

Mashimo ni yetu

Sasa tuongee kati yetu wachimbaji.

Congo yetu ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa palu, nyuma ya Nigeria. Mbu anayeibeba, anofele, anapenda maji madogo yaliyosimama, yenye jua. Ndani ya siku saba mpaka kumi na nne, yai linakuwa mbu anayeruka. Na ni nani anayetengeneza maji hayo upande wetu? Ni mvua, ndiyo, lakini pia ni sisi. Dhahabu ikiisha, tunahamia mbele na kuacha shimo wazi. Basini ya kuoshea mchanga tunaiacha na maji yake. Mfereji tuliochimba kwa kugeuza mto hatuurudishi. Kisha mama wanaotwanga mawe wanakaa kando ya maji hayo siku nzima, watoto wachanga mgongoni, na usiku familia inalala ndani ya hema mita hamsini kutoka pale. Hakuna chandarua, ao kile tulichopewa kimekuwa wavu wa kuvulia ndagala.

Hatusemi kwamba shimo fulani limeua mtoto fulani. Hakuna muganga anayeweza kusema hivyo. Tunasema kwamba mazingira ya uvimbe hayaanzi ndani ya tezi ya mtoto. Yanaanza nje, ndani ya maji yale. Tukifunga maji, tunapunguza mbu. Mbu akipungua, palu inapungua. Palu ikipungua, limfositi za mtoto zinatulia na walinzi wake wanaamka. Palu yenyewe inaua watoto wengi kuliko kansere hii, basi hata asiyeamini habari za kansere hapotezi kitu.

Kuna pia watu wanaoshuka. Vita vya milimani vinawashusha watu wa kila kabila kutoka Minembwe na vijiji vyake mpaka bondeni, na wengine wanafika kwenye machimbo kutafuta kula. Watoto wao mara nyingi hawakuzoea palu nyingi, hivyo palu ya kwanza inaweza kuwaua upesi. Wakikaa miaka, wanaingia ndani ya mazingira yale yale ya watoto wa chini. Wakati wa kugawa vyandarua, hao wawe wa kwanza, si wa mwisho.

Ile tunaomba

Kwa wazazi. Taya ikivimba na meno yakicheza bila sababu, jicho likitoka mbele, tumbo likivimba haraka ao miguu ikilegea, usingoje wiki. Usikubali jino moja nyuma ya jingine ling'olewe. Uliza kituo cha afya kikuandikie karatasi ya kwenda hospitali kubwa, penye wanaweza kutoa kipande cha uvimbe na kukiangalia kwa darubini. Uvimbe huu unakua upesi, lakini kwa sababu hiyo hiyo dawa inaupata upesi. Tangu miaka ya 1960, kule Kampala, waganga waliona uvimbe mkubwa ukiyeyuka kwa siklofosfamidi ndani ya siku chache, na mwaka 1967 Mulago ilifungua kituo chake cha kutibu limfoma, ambacho leo ndicho Taasisi ya Kansere ya Uganda. Lakini uvimbe ukipotea machoni, haujaisha. Mzazi anayerudi nyumbani mbele ya dawa kuisha, sababu mtoto sasa anacheza, anauachia nafasi ya kurudi.

Kwa serikali na zoni za afya. Shirika la Afya Duniani linasema watoto na vijana karibu 400000 wanapata kansere kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kwa 100 wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Tangu 2018 shirika hilo limeweka lengo la 60 kwa 100 ifikapo mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt ni kati ya kansere sita lililozitaja kwanza. Congo ilianza chanjo ya palu mwaka 2024, kwa kuanzia Kongo Central. Sisi tunauliza: Fizi lini? Na mtoto wa mchimbaji akiandikiwa Bukavu, nani analipa gari?

Kwa kooperative na kwa PDG wa mashimo. Kodi ya mining iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka mchimbaji mdogo awe ndani ya kooperative. Basi kooperative isiwe ya kukata makuta tu. Tunaomba mambo matatu: shimo lililokufa lizibwe mbele jipya halijafunguliwa, basini ikaushwe kila wiki, mbu asipate siku za kukomaa, na kwa kila makato kipande kidogo kiwekwe kwenye sanduku la safari ya mtoto mgonjwa. Sanduku hilo lingekuwepo, mwenzetu asingengoja siku tisa tukipita hema kwa hema na kofia mkononi.

Kwa upande wetu hatungoji barua. Kila Salongo ya Jumamosi, kuanzia mwezi huu, kila kikundi cha sendika kitaziba shimo moja lililoachwa karibu na makao ya watu. Aliye na beshi alete beshi. Asiye nayo alete karai.